Ndi

Karatasi ilitoka Kampala pamoja na bei:
shilingi mia mbili kwa kila neno la Kiswahili.
Nikae Kigumba siku tatu,
niwaandikie wakulima namna ya kufunga gunia
hewa isiingie, hewa isitoke.

Niliandika: mfuko usiopitisha hewa.
Maneno matatu, mia sita.
Nikaongeza kabisa, ikawa mia nane,
nikaenda kunywa chai nimeridhika.

Mama Pirwoth, mwenye stoo nyuma ya mashine ya kusaga,
aliisoma kaipeleka mbali na macho,
midomo ikimtembea.
"Kabisa ya nini?" akauliza.
"Hata mume wangu alisema kabisa."
Akaushika mfuko wa ndani shingoni,
akaisokota kama akamuaye shuka,
akaikunja, akaizungushia mpira
uliochanwa kwenye tairi la baiskeli,
goti juu ya gunia, ncha menoni,
akavuta.
"Ndi," akasema kwa meno yaleyale.
"Andika hivyo. Funga ndi."

Silabi moja. Mia mbili.

Usiku, gesti, nikalijaribu kinywani.
Ulimi unaziba njia, pumzi inarudi kutafuta pua,
kisha midomo inabana, panabaki ufa
ambao hata unga haupiti.
Halina wingi. Halina ngeli.
Ukilivika ki- linakuwa kindi, linaruka mtini.
Haliwezi hata kusimama peke yake:
lataka funga, lataka kaza, lataka bana,
kama mpira unavyotaka shingo.

Asubuhi nikalisikia kila mahali, nilikuwa kiziwi.
Kijana wa boda, jerikeni sita nyuma: nimezifunga ndi, twende.
Msusi kamkaza mteja nywele ndi
hata nyusi zimehama.
Na askari, juu ya mwizi wa mizani:
tumemuuliza tangu jana, kafumba mdomo ndi.

"Fukusi tumewafungia mumo humo," Mama Pirwoth akanieleza.
"Hatuwatoi. Hatuwapulizii dawa.
Wanakula, wanapumua,
hewa wanaimaliza wenyewe."
Akalipiga gunia kofi la mgongoni.
"Mimi sijaua mtu."

Nikamuuliza kuhusu picha iliyobandikwa juu ya mizani,
kijana mwenye kofia ya njano, anacheka na mtu asiyeonekana.
Alikwenda kukaza mpira
uliokuwa umeshakaza.

Siku ya tatu mvua ya kwanza ya Machi ilipiga mabati.
Akafungua gunia la Agosti, bila kuniita;
nilikuwa mlangoni tu, najikinga.
Mpira ukalegea. Mfuko ukashusha pumzi, fuu,
na Agosti ikatoka:
vumbi la magunzi, jua, jasho la watu wanaopukuchua.
Fukusi wachache juu, wakavu kama pilipili manga.
Akazamisha mkono hadi kiwiko
akauacha humo,
muda mrefu kuliko anayetafuta ubovu.

"Haya aliyavuna yeye," akasema,
kwa mahindi, si kwangu.
Akachota bakuli moja la posho ya jioni,
moja tu, lisilojaa,
akasokota, akakunja, goti, meno.

Nilikata maneno manne nikaandika moja.
Ofisi ikajibu ndani ya wiki:
neno hili halimo katika orodha yetu, tafadhali fafanua.
Nikafafanua ukurasa mzima, mbele na nyuma,
namna ya kusokota, upana wa mpira,
kwa nini goti.
Walilipa kila neno, sikuwadai.
Habari ya mkono na kiwiko
hawakuniuliza.